Kompyuta ya mezani ya zamani imegoma kuwaka: feni inashtuka kidogo, kisha kimya

Kasha la Kijivu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu.

Nina kompyuta ya mezani ya siku nyingi: Core 2 Duo, RAM mbili za DDR2 za GB 2 kila moja, diski ya SATA, ndani kuna Windows 7. Kadi ya grafiki ya kuchomeka haina, picha inatoka kwenye madabodi (bodi kuu) moja kwa moja. Naing'ang'ania kwa sababu mbili. Printa yangu ya nukta, ninayochapia fomu zenye nakala za kaboni, inaingia kwenye lile tundu pana la pini 25 ambalo mashine za sasa hazina. Halafu programu yangu ya hesabu imo humo humo, na rekodi zake zote.

Kwa muda sasa imekuwa na maringo. Asubuhi nabonyeza kitufe inakaa kimya, nabonyeza tena na tena, mwishowe inakubali. Ikishawaka haina shida, inapiga kazi mpaka jioni. Sasa imegoma kabisa. Nikibonyeza, feni ya prosesa inashtuka, inazunguka kama robo duara, inasimama. Hakuna mlio, kioo cheusi. Kuna kataa kadogo ka kijani kwenye madabodi ambako huwa kanawaka muda wote ikiwa imechomekwa. Bado kanawaka ila naona kamefifia. Nimebadilisha waya wa umeme, nimehamia soketi nyingine ya ukutani, hali ni ile ile.

Nianzie wapi? Mita ninayo na kuitumia najua kidogo. Data zangu ndizo zinaninyima usingizi.

Chapchap

RAM hiyo mkuu. Toa, sugua meno yake na raba, rudisha. Utakuja kunishukuru.

Zamani Dhahabu

Madabodi imekwenda. Ya kwangu ilianza hivyo hivyo. Usipoteze muda, tafuta mashine nyingine.

Dada Saketi

Jamani, mbona tunamzika mgonjwa hata hajapimwa? Chapchap, RAM mbovu haizuii feni kuzunguka. Ingekuwa RAM, feni zingezunguka kama kawaida, kioo kikabaki cheusi, na huenda ukasikia mlio. Hapa feni yenyewe inakata. Tatizo liko kabla RAM haijafikiwa.

Mwana Waya

Naunga mkono hoja ya Dada Saketi, na niongeze kidogo maana hili tatizo nalijua vizuri.

Mleta uzi, kuna kugoma kwa aina tatu na kila moja ina mlango wake. Ya kwanza, umeme haufiki au haukai: hakuna feni, au inashtuka na kukata kama yako. Ya pili, feni zinazunguka vizuri ila hakuna picha, yaani BIOS, ile programu ya madabodi inayoamsha mashine, imeshindwa kumaliza kujikagua. Ya tatu, picha ipo, nembo ya madabodi inaonekana, ila Windows haiingii. Watu wengi wanarukia ya tatu na flashi ya Windows mkononi wakati mashine iko kwenye ya kwanza. Wewe uko kwenye ya kwanza, kwa hiyo diski na data zako hazijaguswa na chochote mpaka hapo. Lala usingizi.

Sasa tuangalie kinachotokea unapobonyeza kitufe. Ukichomeka mashine ukutani, hata kabla hujaiwasha, pawa saplai, lile sanduku la kugawa umeme ndani ya kasha, tayari inatoa volti 5 ndogo za kusubiria kupitia waya wa zambarau. Hizo ndizo zinawasha kataa kako ka kijani. Kitufe hakikati wala kuunganisha umeme mkubwa, kinaiambia tu madabodi, nayo inaushusha waya wa kijani kwenye ardhi, yaani volti sifuri, zile nyaya nyeusi. Pawa saplai ikiona hivyo inawasha njia zake zote: njano volti 12, nyekundu volti 5, chungwa volti 3.3. Zikitulia inatuma ishara kwenye waya wa kijivu, kati ya milisekunde 100 na 500, kwamba umeme uko sawa. Madabodi isipoipata ishara hiyo, prosesa haianzi. Na pawa saplai ikihisi shoti mahali inajikata yenyewe papo hapo.

Kwa hiyo feni kushtuka na kukata kuna maana mbili tu za kufikirika: pawa saplai imechoka, au kuna kitu kinavuta umeme kuliko inavyotakiwa. Historia yako inanisukuma upande wa kwanza. Mashine inayogoma ikiwa baridi na kukubali baada ya kubonyezwa sana, halafu ikapiga kazi siku nzima, mara nyingi ni kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) za pawa saplai zilizokauka. Kimiminika cha ndani kinapungua kwa miaka, ukinzani wake unapanda, na ubaridi unaupandisha zaidi. Kila ukibonyeza zinapata joto kidogo, mwishowe zinaweza. Mpaka siku haziwezi tena.

Ila sitaki ununue kitu kwa kubahatisha. Fanya haya kwanza:

Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote. Chomoa diski, DVD, nyaya za USB za mbele, kadi zozote za ziada. Ibaki prosesa na feni yake, RAM moja, na plagi mbili za umeme: ile kubwa ya pini 24 na ile ya mraba ya pini 4 karibu na prosesa. Hiyo ya pini 4 isukume mpaka iingie kabisa. Jaribu kuwasha.

Kama bado, kitoe kitufe kwenye kesi. Chomoa kijiwaya chake pale chini ya madabodi, gusisha zile pini mbili na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Vitufe vya zamani hukwama au kuisha ndani, na ni aibu kubadilisha pawa saplai kumbe ni kitufe.

Halafu tupigie picha kapasita zilizozunguka prosesa.

Msoma Kimya

Nimekuwa nasoma tu siku zote, leo nimejiunga kwa ajili ya hili somo la waya wa zambarau. Endelea mkuu.

Kasha la Kijivu

Mkuu Mwana Waya shukrani sana.

Nimetoa kila kitu kama ulivyosema. Imebaki RAM moja. Inashtuka na kukata vile vile. Nimegusisha pini na bisibisi, hali hiyo hiyo, kwa hiyo kitufe hakina kosa. Plagi ya pini 4 ilikuwa imeingia vizuri.

Kapasita nimezipiga picha. Karibu na prosesa zote ni fupi, kichwa cha bati tambarare, hazina ile alama ya msalaba juu. Upande wa chini karibu na nafasi za kadi kuna ndefu mbili zenye msalaba, nazo vichwa vyake viko bapa. Sioni uchafu wa kahawia popote.

Dada Saketi

Picha nimeziona. Hizo fupi ni kapasita kavu za polima, hazina kimiminika cha kukauka, ndiyo maana hazina msalaba wa kupasukia. Ingekuwa madabodi ya miaka ya mwanzo ya 2000 ningekuwa na wasiwasi zaidi, kipindi kile kapasita mbovu zilisambaa kwenye mashine za makampuni mengi, unafungua kasha unakuta safu nzima imevimba na kuvuja. Yako imeepuka.

Ila angalizo kwa wanaosoma: kapasita kuwa bapa si cheti cha uzima. Inaweza kukauka ndani na kichwa kikabaki kizuri tu. Iliyovimba ni mbovu hakika, iliyo bapa bado haijajulikana.

Chapchap

Na raba bado hujajaribu 😅

Mwana Waya

Chapchap subiri zamu yako.

Mleta uzi, chukua mita. Weka kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi kwenye chuma tupu cha kasha au waya wowote mweusi. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi ya pini 24, kwenye waya wa zambarau, plagi ikiwa imechomekwa kwenye madabodi na mashine ikiwa kwenye umeme ila haijawashwa. Njoo na namba. Halafu mtu mwingine abonyeze kitufe wewe ukitazama mita, namba inashuka mpaka wapi?

Kama nyaya za pawa saplai yako zote ni za rangi moja, usibahatishe, tafuta mchoro wa plagi kwanza.

Kasha la Kijivu

Rangi zipo. Zambarau imesoma 4.2. Tukibonyeza inashuka mpaka 3 na ushee, kataa ka kijani kanazima kidogo halafu kanarudi. Nikaichomoa plagi kubwa kutoka kwenye madabodi nikapima tena ikiwa tupu: 5.0 kamili.

Zamani Dhahabu

Si hiyo hapo. Bila madabodi 5, na madabodi 4.2. Madabodi inakula umeme. Nilisema.

Mwana Waya

Hapana, taratibu. Inayokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani zambarau isishuke chini ya 4.75. 4.2 ni mbovu, hapo tunakubaliana. Ila namba hizo hazijasema mbovu ni nani. Pawa saplai iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo na kuanguka ikipewa mzigo. Madabodi yenye shoti nayo italeta picha hiyo hiyo. Kupima bila mzigo na kusema pawa saplai ni nzima ndiko kunakowafanya watu watupe madabodi nzima.

Njia ya kuwatenganisha ni kuipa pawa saplai mzigo mwingine usio madabodi, unaoujua. Tafuta rezista ya omu 10, wati 5, zile nyeupe za pembe nne kama kipande cha chaki. Iunganishe kati ya waya wa zambarau na mweusi, plagi ikiwa nje ya madabodi. Itavuta nusu ampea, ambayo ni kidogo sana. Nyingi za pawa saplai hizi zimeandikwa ubavuni kwamba njia hiyo inatoa ampea 2. Soma lebo yako. Kama hata kwa nusu ampea inaanguka, kesi imekwisha na madabodi haikuwepo hata mahakamani.

Rezista itapata joto, usiishike kwa vidole, na usiiache hapo muda mrefu.

Msoma Kimya

Swali la mwanafunzi: kuna ile ya klipu ya karatasi, unaunganisha kijani na cheusi, feni ya pawa saplai ikizunguka ni nzima. Si rahisi zaidi?

Mwana Waya

Rahisi ndiyo, ila inajibu swali dogo. Inakwambia pawa saplai inaweza kuamka, haikwambii inaweza kubeba. Feni yake kuzunguka kunahitaji umeme mdogo mno. Ikishindwa hata hapo, ni mbovu. Ikiweza, bado hujajua. Na ukiifanya, chomeka angalau DVD ya zamani iwe mzigo, kuna pawa saplai ambazo haziamki zikiwa tupu hata kama ni nzima. Na plagi iwe imetoka kwenye madabodi kabisa.

Kasha la Kijivu

Rezista nimepata, omu 10 wati 5 kama ulivyosema. Zambarau bila rezista 5.0. Nikiiweka, inaanguka 4.1 na inachezacheza, 4.0, 4.2, 4.1. Nikatoa, ikarudi 5.0. Madabodi ilikuwa mezani mbali kabisa.

Dada Saketi

Hukumu imetoka.

Zamani Dhahabu

Sawa, nimekubali 😄 Lakini kwani haifungui mtu akabadilisha kapasita hizo mbili tatu tu? Ni kazi ya dakika chache.

Dada Saketi

Kwa anayejua kulehemu na anayejua anachokigusa, ndiyo, inafanyika, na mimi nafanya. Kwa mtu anayesoma uzi huu akiwa na bisibisi tu, HAPANA. Humo ndani kuna kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani ambayo kwenye umeme wa volti 230 inakaa na volti zaidi ya 300 za moja kwa moja, na inaweza kuzihifadhi baada ya kuchomoa waya. Kuchomoa na kufungua papo hapo ni kujitafutia makubwa. Hata mimi huiacha, naipima, naimwaga kwa rezista, naipima tena ndipo naweka mkono.

Mwana Waya

Kwa mleta uzi ni kubadilisha pawa saplai nzima. Mambo ya kuangalia kabla hujachukua ya kubadilishia:

Umbo. Pima sanduku la zamani na matundu yake ya skrubu. Kasha nyembamba zina pawa saplai ndefu na nyembamba, ya kawaida haiingii. Kuna makampuni makubwa yaliyowahi kutumia plagi inayofanana kabisa na ya kawaida ila nyaya zimepangwa tofauti, ukichomeka unaunguza. Linganisha rangi, pini kwa pini, ya zamani na mpya, kabla ya kuchomeka. Ni dakika moja, na ndiyo dakika muhimu kuliko zote katika kazi hii.

Nguvu. Core 2 Duo nyingi za mezani zimepangiwa wati 65, na kadi ya grafiki huna. Ya wati 300 za kweli inakutosha na kubaki. Nasema za kweli kwa sababu lebo zina maneno mengi. Iliyo nyepesi mkononi kama boksi tupu mimi siiamini hata ikiandikwa 600.

Kama nyuma ina kiswichi chekundu cha 115 na 230, kiwe upande wa umeme wenu KABLA ya kuchomeka.

Kasha la Kijivu

Wakuu, taarifa. Pawa saplai nyingine nimefunga, nimelinganisha rangi zote. Zambarau sasa 5.08 madabodi ikiwa imechomekwa. Nikabonyeza, feni zikazunguka na hazijakata!!! Kataa ka kijani kanang'aa.

Lakini kioo bado cheusi, na sasa inapiga mlio mrefu, inanyamaza, mrefu tena, hivyo hivyo bila kukoma.

Chapchap

MLIO MREFU UNAORUDIA. Wakuu, naombeni nafasi yangu.

Mwana Waya

😂 Haya, zamu yako imefika. Mleta uzi umehama kutoka aina ya kwanza kwenda ya pili. Milio inatofautiana kati ya BIOS na BIOS, kitabu cha madabodi ndicho chenye kauli ya mwisho, ila mrefu unaorudiarudia kwenye nyingi ni RAM haijaonekana. Umeitoa na kuirudisha, meno yake yamekaa miaka bila kuguswa, si ajabu.

Chapchap

Asante mwenyekiti. Mkuu, chomoa umeme. Toa RAM zote. Angalia yale meno ya rangi ya dhahabu, utaona kama ukungu mweusi kwenye ncha. Raba nyeupe laini, sugua kwa wepesi kuelekea nje, pande zote mbili. Usiweke vidole kwenye meno baada ya hapo. Rudisha moja tu, ile nafasi ya karibu na prosesa, bonyeza kwa dole gumba kila upande mpaka vishikizo viingie vyenyewe na usikie *ta*. Kishikizo ukikisukuma wewe maana yake RAM haijazama.

Dada Saketi

Vumbi la raba lipulize lote, lisiingie kwenye nafasi. Ukiwa na spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi ni bora kuliko raba. Na nafasi ya RAM yenyewe ipulize, huko ndiko vumbi linakojificha.

Kasha la Kijivu

Kweli kulikuwa na ukungu, raba imetoka nyeusi. RAM ya kwanza: mlio mmoja mfupi na PICHA IMEKUJA. Nikaongeza ya pili, zote zimesomwa, GB 4.

Chapchap nakushukuru kama ulivyotabiri.

Ila sasa kuna maandishi kwamba mipangilio ya CMOS si sahihi na imerudishwa ya kiwandani, nibonyeze F1 kuendelea. Nikibonyeza, nembo ya Windows inaanza, kioo cha bluu kinamulika nusu sekunde, inajizima na kuanza upya. Inazunguka hivyo tu. Imeniletea na ukurasa wa kujirekebisha, umesema umeshindwa.

Zamani Dhahabu

Windows imekufa. Piga mpya.

Mtumiaji mwingine: Kebo Fupi

Formati hiyo, hakuna namna. Umeme ukikatakata Windows huharibika.

Mwana Waya

MKONO MBALI NA FORMATI.

Samahani kwa herufi kubwa. Mleta uzi, wakati inaanza gonga F8 kabla nembo ya Windows haijatokea, kwenye orodha chagua ile ya kuzuia kujiwasha upya ikishindwa. Kioo cha bluu kitasimama. Nisomee namba inayoanza na 0x pale chini.

Kasha la Kijivu

0x0000007B

Mwana Waya

Nilikuwa naisubiri hiyo. Windows yako haina ugonjwa.

Betri ya CMOS, yaani ya kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, imekwisha, ile ya duara kama sarafu. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, kumbukumbu ya BIOS inalishwa na volti za kusubiria, kwa hiyo betri inaweza kuwa ilikufa zamani bila wewe kujua. Ulipochomoa kila kitu kubadilisha pawa saplai, BIOS ikasahau yote na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Mmojawapo ni jinsi madabodi inavyoongea na diski ya SATA: kuna IDE na kuna AHCI. Windows 7 ikifungwa kwenye AHCI, dreva (programu ya kuongea na diski) inayoanza nayo ni ya AHCI. Ukiiamsha kwenye IDE inajikuta haiioni diski yake yenyewe, inatoa 7B. Kinyume chake pia ni hivyo hivyo.

Ingia BIOS, tafuta sehemu ya SATA, utakuta imeandikwa IDE. Weka AHCI. Tarehe nayo rekebisha. Hifadhi, toka.

Kasha la Kijivu

IMEINGIA. Wakuu imeingia, meza yangu ile ile, mafaili yote yapo, programu ya hesabu imefunguka! Ilikuwa kwenye IDE kweli, na tarehe ilikuwa 1 Januari 2008.

Betri nimeipima, volti 1.9.

Dada Saketi

Hongera kaka! Nzima inasoma 3 au zaidi kidogo. Namba yake kwa mashine nyingi ni CR2032, soma iliyopo. Upande wenye alama ya kujumlisha utazame juu. Ukishaiweka ingia BIOS tena uhakikishe AHCI imebaki.

Na tarehe usiipuuze: ikiwa imerudi nyuma miaka, tovuti karibu zote zitagoma kufunguka kwa kisingizio cha usalama, mtu akadhani intaneti ni mbovu.

Kebo Fupi

Nafuta kauli ya formati 🙏 Ila nina yangu pia: feni zinazunguka zote, hakuna mlio wa kulalamika, kioo kinasema hakuna mawimbi. Nimeongeza kadi ya grafiki majuzi.

Mwana Waya

Waya wa kioo umechomeka kwenye kadi au bado uko kwenye tundu la madabodi?

Kebo Fupi

…

Imewaka. Endeleeni.

Msoma Kimya

😂😂😂 jina na matatizo vimeendana.

Mwana Waya

Mleta uzi, kabla hujafunga kasha. Leo hii, si kesho, nakili rekodi zako kwenye diski ya nje. Diski ya umri huo imeamshwa na kuzimwa mara nyingi katika sekunde za umeme mbovu. Halafu tumia programu yoyote ya kusoma afya ya diski, angalia mstari wa 05 na wa C5. Wa 05 ni sekta zilizoharibika zikahamishwa, C5 ni zinazosubiri kuamuliwa. Safu ya namba halisi ikiwa sifuri vizuri. Ikiwa na namba na inapanda kila ukitazama, hamisha diski nzima kwenda nyingine, SSD ya SATA inaingia hapo bila shida, na utashangaa kasi.

Kuhusu Windows 7, Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Kwa printa na hesabu, iache kama ilivyo ila usiipeleke mtandaoni. Usihangaike kuweka Windows 11, matoleo yake ya karibuni yanadai amri za prosesa ambazo Core 2 Duo haina kabisa kwenye chuma chake.

Zamani Dhahabu

Au aweke Linux nyepesi kwenye diski ya pili kwa ajili ya mtandao. Prosesa hiyo ni ya biti 64, inakubali.

Mwana Waya

Hapo umenena, nakubali bila ubishi.

Kasha la Kijivu

Nimenakili vyote. 05 ni sifuri, C5 ni sifuri. Printa imechapa, kelele zake leo nimezifurahia.

La mwisho kabla sijafunga mjadala: nimekuwa nikiiacha imechomekwa usiku na mchana kwa miaka, nazima kwa Windows tu. Ndiyo iliyoua pawa saplai? Nizime ukutani kila jioni?

Mwana Waya

Imechangia. Njia ya zambarau haipumziki mashine ikiwa imechomekwa, hata ukiwa umelala, na feni ya kuipooza imesimama. Ndiyo maana mara nyingi inachoka kabla ya zingine. Ukizima kwa kiswichi cha nyuma kila jioni itaishi zaidi, ila betri ya CMOS ndiyo itakayobeba saa na mipangilio usiku kucha, kwa hiyo itaisha mapema. Mimi nachagua kubadilisha betri. Andika AHCI kwenye kikaratasi, kibandike ndani ya kifuniko cha kasha.